Filamu za Hali Halisi katika Somo la Muziki na Michezo: Mfano wa Shule za Chole, Kisarawe

Miongoni mwa zana za kufundishia ambazo mwanachuo hukutana nazo katika kozi ya mbinu, filamu ndiyo inayosifiwa sana na kutumiwa vibaya zaidi. Aghalabu huonyeshwa siku za mwisho wa muhula, mitihani ikiwa imekwisha na mwalimu akiwa na ripoti za kujaza. Watoto hukusanywa, chombo huwashwa, mwalimu huondoka. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia aina moja tu ya filamu, yaani filamu ya hali halisi, ile isiyoigizwa bali inayowafuata watu wa kweli katika shughuli zao. Na katika aina hiyo tumechagua zinazohusu muziki, pamoja na chache zinazohusu skeitibodi, kile kibao chenye magurudumu manne ambacho vijana wa mijini husimama juu yake na kuteleza. Tutazitaja kwa majina, tutasema tuonavyo uzuri na upungufu wake, kisha tutaeleza jinsi zinavyoweza kufundishwa katika shule ya kijijini.

Mahali tulipopachukua kuwa mfano ni Chole, wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. (Msomaji asipachanganye na kisiwa cha Chole kilichoko Mafia, ambacho nacho kimo katika mkoa huohuo.) Chole ni Uzaramo, na Wazaramo ni watu wa ngoma. Mdundiko, ngoma ya msafara ambayo huanza na wachache na kuzoa umati kadiri inavyopita, umetoka kwao, na Dar es Salaam nzima inaujua. Papo hapo Kisarawe inapakana na jiji hilo, kwa hiyo muziki wa mjini hufika kijijini kwa simu na kwa basi. Mtoto wa darasa la tano wa Chole ana vyote viwili masikioni: ngoma ya harusi ya Jumamosi na singeli iliyomo ndani ya simu ya kaka yake.

Lakini mwambie mtoto huyo ataje ala za muziki. Tumelifanya jaribio hili zaidi ya mara moja wakati wa kusimamia mazoezi ya kufundisha, na majibu hayatofautiani sana: piano, gita, tarumbeta. Ni ala alizoziona kitabuni, ambazo nyingine hajapata kuzigusa. Ngoma ambayo mjomba wake huiwamba kwa mikono yake mwenyewe haimo katika orodha. Mtoto hakuisahau, amekwisha kujifunza, bila ya mtu kumwambia waziwazi, kwamba kilichomo nyumbani kwao si elimu. Filamu inaweza kulizidisha kosa hili au kulirekebisha, na hayo yategemea mwalimu amechagua filamu gani na amefanya nini kabla na baada ya kuionyesha.

Historia ya filamu za mafunzo katika nchi yetu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za elimu uliokuwa na makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Waliouendesha, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na hata kuweka akiba posta, wakazizungusha kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Waafrika waliigiza mbele ya kamera, ilhali shauri la nini kionyeshwe lilikuwa la wageni. Dhana iliyotawala filamu za namna hiyo siku zile, na kwa miaka mingi baadaye, ni kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, hivyo apewe mambo ya polepole na mepesi.

Dhana hiyo haina pa kusimama leo, kama ilivyokuwa haina siku zile. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, lakini watu hawakuisubiri televisheni ndipo wajue kutazama. Katika vibanda umiza vya mijini na vijijini, mamia ya watoto wamejifunza kufuata filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani kwa msaada wa mfasiri. Jina la Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, halihitaji maelezo kwa waliokaa katika vibanda hivyo. Yeye hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, aliwapa wahusika majina ya kwetu, alimkumbusha mtazamaji jambo lililopita na kumwonya juu ya lijalo. Mwanachuo anayedharau kazi hiyo hajaitazama vizuri. Filamu nyingi tutakazozitaja hapa zimo katika Kifaransa, Kilingala, Kiingereza na lugha nyinginezo, na kwa darasa la Chole mfasiri hatakuwa mwingine ila mwalimu mwenyewe. Na aige ufundi wa kibanda umiza wa kusimamisha, kueleza na kuendelea. Tofauti iwe moja tu: muziki ukianza, mwalimu anyamaze.

Sasa mwalimu atachagua kwa kipimo gani? Sisi tungemshauri aitazame filamu yote peke yake kwanza, akiwa na karatasi, na ajiulize ni nani anayezungumza: wanamuziki wenyewe, au sauti ya mtu asiyeonekana anayewazungumzia? Kisha ajiulize kama kuna kitu kinachoundwa mbele ya macho yetu, maana mtoto wa shule ya msingi hujifunza zaidi kwa kuona jambo likitendeka kuliko kwa kuona mtu akisifiwa. Mwisho ajiulize kama baada ya kutazama mtoto ataweza kufanya jambo lolote kwa vifaa vilivyo karibu naye. Filamu inayomwacha mtoto akitamani tu kuwa kwingine haifai darasani, hata iwe imepata tuzo ngapi.

Kwa kipimo hicho, filamu tunayoiweka mbele ya zote ni Benda Bilili! ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye. Inawahusu Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wa Kinshasa ambao wengi wao walipooza miguu kwa ugonjwa wa polio na huenda kwa baiskeli za magurudumu matatu walizoziundaunda wenyewe. Waliishi kwa shida mitaani na kufanya mazoezi yao katika bustani ya wanyama ya jiji. Watengenezaji walikutana nao mwaka 2004 na wakawafuata kwa miaka, mpaka albamu yao ya kwanza ilipotoka mwaka 2009. Kiongozi wao, Ricky Likabu, hasemewi na mtu, anasema mwenyewe.

Lakini kwa mwalimu wa darasa la tano moyo wa filamu hii ni mvulana Roger Landu na ala yake, satonge. Ni kopo la maziwa, kijiti kilichopinda na waya mmoja. Basi. Kwa waya huo mmoja kijana huyo anatoa sauti kali inayopita juu ya magita yote, akiikaza na kuilegeza kwa kukivuta kijiti. Hapa pana somo la muziki na somo la sayansi kwa pamoja: waya uliokazwa hutetemeka haraka zaidi na kutoa sauti ya juu, nalo kopo huikuza sauti. Tena pana jambo la tatu. Watoto wa Chole huunda magita ya galoni na vizeze vya kopo, na wazazi wengi huviita takataka. Kuiona takataka hiyo ikishangiliwa katika kumbi za Ulaya ni tukio ambalo mtoto halisahau. Hata hivyo mwalimu asiionyeshe filamu yote kwa watoto wadogo. Maisha ya mitaani humo yana ukali wake, na kwa darasa la tano zatosha dakika sita au saba zinazomhusu Roger. Kundi lenyewe lilivunjika mwaka 2013 kwa kutoelewana. Wanafunzi wa madarasa ya juu wanaweza kuambiwa, wasije wakadhani kwamba safari za ng'ambo humaliza shida zote.

Filamu ya pili ni Throw Down Your Heart ya mwaka 2008. Mpigaji banjo wa Marekani, Béla Fleck, anasafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kutafuta asili ya ala yake, kwa kuwa banjo, ingawa wengi huidhani ya Wazungu, ilitokana na ala za Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani. Kwa darasa la Chole sehemu mbili zinafaa mno. Ya kwanza ni ile ya kijiji cha Nakisenyi nchini Uganda, ambako marimba kubwa hutandazwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini na kupigwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Watoto wataelewa papo hapo kwamba ardhi yenyewe imefanywa kuwa sanduku la sauti. Ya pili ni ile inayomwonyesha Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona, akijibizana kwa ala na mgeni ambaye hawana lugha moja. Jina la filamu limetokana na Bagamoyo, na hapo mwalimu wa Pwani asipite haraka. Wengine husema ni mahali ambapo watumwa waliubwaga moyo kwa kukata tamaa. Wengine husema ni wapagazi wa misafara waliobwaga moyo kwa kupumzika, mwendo mrefu kutoka bara ukiwa umekwisha. Filamu imeshika maelezo ya kwanza. Wanafunzi na waelezwe yote mawili, wajue kwamba hata filamu ya hali halisi huchagua.

Upungufu wa filamu hii ni kwamba mgeni yumo katikati ya picha karibu wakati wote. Hatuoni kwamba ni kosa kubwa, kwa kuwa ni safari yake na hajificha, lakini mwalimu awaulize watoto: kama Anania ndiye angeshika kamera, angeanza kutuonyesha nini?

Tunafika kwa Bi Kidude. As Old as My Tongue, iliyotengenezwa na Andy Jones mwaka 2006, inamhusu Fatuma binti Baraka wa Unguja, ambaye alikuwa ameimba kwa miaka mingi kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutaja umri wake kwa uhakika. Mwaka 2005 alipata tuzo ya WOMEX ya muziki wa dunia, naye alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Kuna mengi ya kujifunza humo: jinsi taarabu aliyoirithi Sitti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilivyopita kinywani mwa mwanamke mwingine wa tabaka la chini hadi nyakati zetu, na jinsi kizee mmoja alivyoweza kubeba ngoma nzito kiunoni na kuipiga kuliko vijana.

Pamoja na hayo, katika Uzaramo hatushauri mwalimu aichukue filamu hii na kuiwasha tu. Bi Kidude alikuwa pia mwalimu wa unyago. Katika vijiji vya Kisarawe unyago si jambo la makumbusho. Mwali bado hufundwa, makungwi bado wapo, na darasani mwaweza kuwamo wasichana ambao wametoka kufundwa mwaka huo au watakaofundwa ujao. Mambo ya ndani ya unyago hayaonyeshwi mbele ya wavulana. Na mwalimu kijana, hasa akiwa mgeni wa kutoka mkoa mwingine, anaweza kuvunja heshima ya shule kwa dakika tano za picha. Isitoshe, Bi Kidude anavuta sigara na kunywa pombe bila kujificha, jambo lililomfanya apendwe na wengi, lakini ambalo mzazi atalileta ofisini kwa mwalimu mkuu kesho yake. Basi mwalimu na achague sehemu za taarabu na jukwaa, na kabla ya yote awaombe shauri walimu wanawake wa pale na mama mmoja au wawili wanaoheshimiwa kijijini. Wakikataa, imekataliwa. Hatusemi hivi kwa woga. Wakati shule ikihangaika kuwarudisha darasani wasichana wanaochelewa kwa sababu ya kufundwa, jambo la mwisho inalohitaji ni ugomvi na makungwi.

Mtengenezaji huyohuyo alirejea na filamu nyingine mwaka 2015, I Shot Bi Kidude, kuhusu siku za mwisho za bibi huyo na mvutano uliomzunguka. Hiyo si ya watoto. Ni ya wanachuo wenyewe, waitazame na kujadiliana kuhusu swali gumu: sifa ya mzee ni mali ya nani, na nani ana haki ya kuieleza?

Nyingine tutazipitia kwa ufupi. Wahenga ya mwaka 2018, ya Amil Shivji na Rebecca Corey, inahusu wanamuziki wa zilipendwa na inawafaa wanaotaka kufundisha historia ya dansi, tangu enzi za Radio Tanzania. Ipo pia filamu ya mwaka 2016 kuhusu Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha taarabu cha Unguja kilichoanzishwa mwaka 1905. Ni nzuri, ila mwendo wake ni wa utulivu na watoto huchoka. Buena Vista Social Club ya Wim Wenders, ya mwaka 1999, ni ya wazee wa Kuba, na inamsaidia mwalimu kueleza kwa nini Salum Abdallah wa Morogoro aliliita kundi lake Cuban Marimba.

Mwanachuo atauliza: mbona skeitibodi? Chole ina njia za mchanga, na kibao kile hakiendi mchangani. Ni kweli. Lakini turudi kwenye baiskeli za magurudumu matatu za Kinshasa. Mtoto wa kijijini anajua magurudumu. Hukimbiza ringi za baiskeli kwa kijiti, husukuma matairi chakavu, huunda magari ya waya yenye usukani mrefu. Kule Goma, mashariki ya Kongo, watu wazima wameipandisha elimu hiyo ya kitoto hadi ikawa kazi: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, hubeba magunia ya viazi na mkaa, na mwaka 2009 mji uliijengea mnara. Skeitibodi ni ndugu wa vitu hivi. Haikuvumbuliwa maabarani, ni watoto waliofunga magurudumu ya viatu vya kutelezea kwenye ubao.

Filamu inayoeleza hayo vizuri ni Dogtown and Z-Boys ya Stacy Peralta, ya mwaka 2001, kuhusu vijana wa ufukwe wa California katika miaka ya 1970. Mambo mawili yalikutana. Kwanza, magurudumu ya udongo mgumu, yaliyokuwa yakiteleza ovyo na kukwama kwenye kijiwe chochote, yaliachwa kwa ajili ya magurudumu mapya ya poliyurethani yanayoshika ardhi. Hapo mwalimu wa sayansi ana somo zima la msuguano. Pili, ukame wa mwaka 1976 na 1977 uliyakausha mabwawa ya kuogelea ya matajiri, na vijana wakaingia humo na kuteleza kutani. Mchezo ulioingizwa katika Olimpiki za Tokyo mwaka 2021 ulikua katika mabwawa makavu ya watu wengine. Filamu yenyewe ni ya kujisifu kidogo, kwani Peralta alikuwa mmoja wa vijana haohao, na sisi tungeonyesha sehemu ya mabwawa tu.

Na karibu na kwetu kuna Kitintale, kitongoji cha Kampala, ambako mwaka 2006 Jack Mubiru na wenzake walijenga kwa saruji na kwa mikono yao uwanja wa skeitibodi wa kwanza Uganda. Hawakungoja uwanja ujengwe na mtu mwingine. Mwalimu anaweza kutumia picha za Kitintale kueleza jambo hili hata kama hana filamu.

Kwa ajili ya wasichana tunapendekeza Learning to Skateboard in a Warzone (If You're a Girl), filamu fupi ya Carol Dysinger ya mwaka 2019, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2020. Inaonyesha shule ya Skateistan mjini Kabul, ambako wasichana wa jamaa maskini walifundishwa kusoma na kuteleza chini ya paa moja. Mwezi wa Agosti 2021 Taliban walirudi madarakani na wasichana wakafungiwa milango ya shule za sekondari. Kwa hiyo mwalimu aiweke wazi kuwa filamu inaonyesha wakati uliopita. Baada ya kuitazama, wasichana wa Chole waulizwe: saa ngapi za siku ni zenu za kucheza? Maji, kuni na wadogo wa kulea vitatajwa. Wavulana wasikilize majibu hayo bila kuyakatiza.

Sasa tuingie katika ufundishaji wenyewe. Mwanachuo mmoja tuliyemsimamia katika shule ya kata ya Chole alikuwa na darasa la tano lenye wanafunzi 48, kompyuta mpakato iliyochajiwa tangu jana yake, na spika ndogo. Hakuwa na projekta. Aliwagawa wanafunzi katika makundi manne. Kundi moja lilitazama huku mengine yakifanya kazi nje chini ya mwembe, kisha yakabadilishana. Dirisha lililo nyuma ya kompyuta aliliziba kwa mkeka. Shabaha ya somo aliiandika kwa sentensi moja: mwanafunzi aweze kueleza jinsi ala yenye waya mmoja inavyotoa sauti za juu na za chini. Alichagua sehemu ya satonge, dakika sita.

Mpango wake tunauona kuwa mzuri kuigwa. Kwanza aliwasikilizisha sauti bila picha, akawaambia wachore ala wanayodhani inapigwa. Wengi walichora gita, wachache zeze, mmoja filimbi. Ndipo akaonyesha picha. Kelele iliyofuata ilisikika mpaka ofisini, na mwalimu mwenyeji alitoka kuja kutazama kuna nini. Mara ya tatu alionyesha picha bila sauti, wanafunzi wakitazama mkono wa kushoto tu. Nje, makundi yaliyokuwa yakisubiri yalihesabu mapigo: kwanza ya moyo, kwa vidole juu ya kiganja cha mkono, kisha ya wimbo wa singeli ambao kila mmoja aliujua. Singeli huweza kupita mapigo 200 kwa dakika, yaani zaidi ya matatu kwa sekunde, na watoto walishindwa kuhesabu mpaka walipobuni wenyewe kuhesabu kwa mafungu ya manne. Hiyo ni hisabati, tena waliitaka wenyewe.

Kipindi cha pili, siku tatu baadaye, alimwalika mpiga ngoma wa kijiji. Hili ndilo jambo tunalolitaka kila mwanachuo alizingatie, maana bila ya kipindi hiki filamu ya Kinshasa ingebaki ya Kinshasa. Watoto walimwamkia, wakakaa. Mzee alianza kwa kusema kwamba ameitwa shuleni hapo mara nyingi, lakini siku zote kwa ajili ya michango. Kisha akawasha moto wa nyasi, akaisogeza ngoma, akawaambia wasikilize kila baada ya muda mfupi. Ngozi ilipokauka na kukaza, sauti ilipanda. Msichana mmoja akasema, bila ya kuulizwa, kwamba ni kama ule waya. Mwalimu hakuongeza neno.

Mtoto mwingine aliomba apigiwe ngoma fulani aliyoisikia harusini. Mzee alikataa: ile ina wakati wake, na hapa si mahali pake. Akawapigia mdundiko, akaeleza ngoma ipi huongoza na ipi hujibu, na jinsi mafundi wa zamani wa mjini walivyoichukua midundo ya namna hii wakaitia katika mchiriku pamoja na vinanda vidogo vya Casio, na watoto wao wakaiharakisha kwa kompyuta mpaka ikawa singeli. Aliijua historia hiyo vizuri kuliko kitabu chochote tulicho nacho chuoni, kwa sababu wapwa zake wamo ndani yake.

Kipindi cha tatu wanafunzi walitengeneza filamu bila kamera. Kila kundi lilipewa karatasi iliyokunjwa mara nne, likachora picha nne za kumweleza mzee yule kwa mtu asiyemjua. Makundi yaligombana kwa adabu juu ya picha ya kwanza: mikono, moto, uso, au nyumba yake? Kundi moja lilianza na michango. Mwalimu aliwaachia, na sisi tuliokuwa tumekaa nyuma tulikubaliana naye kwamba karatasi hiyo ndiyo iliyostahili alama za juu, kwa sababu iliuliza kwa nini mtu huyu hakuitwa mapema.

Kwa wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya muhula ujao tuna maelekezo machache ya kazi. Tumieni nakala halali ya filamu, iliyonunuliwa au kuazimwa, na itazameni yote kabla ya kuandika andalio la somo. Andikeni dakika na sekunde ambapo sehemu yenu inaanza na inapokwisha, maana kutafuta mbele ya darasa hupoteza nusu ya kipindi cha dakika 40. Pasipo kompyuta, simu moja kwa wanafunzi wanane inatosha ikiwa kazi za kusubiri zimepangwa. Mkimrekodi mzee wa kijiji kwa simu, mwombeni ruhusa kabla ya kuanza, mwambieni rekodi itatumika wapi, na akisema sehemu fulani ifutwe, ifuteni mbele yake. Kisha mrudishieni nakala. Mzee wa Chole hakuwa na simu ya kuonyesha picha. Mwanachuo yule alimpelekea rekodi katika simu ya mjukuu wake, akakaa naye ukumbini jioni moja mpaka akaisikiliza yote, mara mbili, akisahihisha majina ya wapigaji wawili waliokwisha kufariki.